BnB yako Pwani ya Kenya: mwongozo kamili wa leseni na kodi, hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja kuhusu hii biashara ya BnB, yaani kulaza wageni wa muda mfupi, ni yaleyale. Mmoja anauliza, nimelipa kibali cha kaunti mbona ofisa amekuja kaniambia sina leseni? Mwingine anasema, mimi nalipa 7.5% ya mapato ya nyumba kila mwezi bila kukosa, sasa hii VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wananidai imetoka wapi? Na wa tatu ameshasajili kila kitu lakini majirani wa apatimenti wamemfungia geti wageni wake.

Wote watatu wamekwama mahali pamoja. Wanaichukulia nyumba ya likizo kama nyumba ya kupangisha. Kwa sheria za Kenya hivi ni vitu viwili tofauti, na ukishaelewa hapo tu hatua zingine zote zinakaa sawa. Kwa hivyo soma taratibu, fuata mpangilio huu huu, usiruke, sababu karatasi ya hatua moja ndio inaombwa kwenye hatua inayofuata.

Nimeandika nikifikiria mtu mwenye apatimenti moja mpaka nne Nyali, Bamburi, Diani, Kilifi, Watamu au Malindi. Nairobi ni karibu yaleyale, tofauti kubwa ni ada za kaunti.

## Andaa hivi vitu kwanza

Usianze kujaza fomu yoyote kabla hujaweka hivi kwenye folda moja, kwa simu na kwa karatasi:

- Kitambulisho chako (au pasipoti) na cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya mapato). Kama ni kampuni, cheti cha kampuni, PIN ya kampuni na CR12 (karatasi ya wakurugenzi na wenye hisa).
- Hati ya nyumba, au kama wewe mwenyewe umepanga, mkataba pamoja na barua ya mwenye nyumba inayosema wazi kwamba anakuruhusu kulaza wageni wa muda mfupi.
- Barua ya menejimenti ya jengo, kama ni apatimenti.
- Jina la biashara lililosajiliwa eCitizen, kama hutaki kutumia jina lako mwenyewe.
- Cheti cha komplayansi cha KRA, kinachoonyesha kodi zako ziko sawa. Kinatoka iTax (mtandao wa kodi wa KRA) bure na kinakaa miezi 12.
- Picha safi za kila chumba, jiko, choo, mlango wa kutokea na mahali mitungi ya kuzimia moto imewekwa.
- Akaunti ya benki au laini ya M-Pesa ya biashara peke yake. Hii watu wanaidharau sana. Pesa ya wageni ikichanganyika na mshahara na michango ya harusi, siku ya kukaguliwa utashindwa kutenganisha, na kila shilingi iliyoingia inaweza kuhesabiwa mauzo.

## Hatua ya 1: Hakikisha nyumba yenyewe inaruhusiwa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, sababu mtu ananunua makochi, TV, mashine ya kufua, alafu ndio anauliza.

Anza na jengo. Tangu ile sheria ya umiliki wa apatimenti ya 2020, wenye nyumba kwenye jengo wanaunda shirika lao na wanakuwa na kanuni zao za ndani. Kanuni hizo zinaweza kukuwekea masharti mazito ya wageni wa usiku mmoja mmoja. Omba nakala, soma mwenyewe, usichukue neno la mlinzi wala ajenti aliyekuuzia.

Kama umepanga ndio na wewe ulaze wageni, mkataba wa kawaida huwa una kipengele kinachokataza kupangisha tena bila idhini. Mwenye nyumba akikuambia kwa simu "hakuna shida" hiyo sio idhini. Andika barua fupi, asaini, weka tarehe.

Kisha matumizi ya ardhi. Kiwanja kikiwa kimesajiliwa cha makazi na wewe unafanya biashara ya kulaza wageni, kaunti inaweza kukutaka uombe kubadilisha matumizi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Kwa apatimenti moja ndani ya jengo kubwa mara nyingi swali hili halifiki mbali, lakini kwa nyumba nzima yenye uwanja wake, mfano villa Diani au Watamu, uliza idara ya mipango ya kaunti kabla hujatia hela kwenye ukarabati.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi mbili mkononi: ya jengo au mwenye nyumba, na jibu la kaunti kuhusu matumizi.

## Hatua ya 2: Kibali cha biashara cha kaunti

Nenda mtandao wa kaunti yako, Mombasa, Kwale au Kilifi, chagua aina ya biashara ya malazi. Ada inategemea aina na ukubwa kwa hivyo usinakili ya jirani mwenye duka.

Pamoja na kibali utaulizwa mambo ya zimamoto na afya. Maofisa wakija wanaangalia vitu vya kawaida kabisa: mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa na wenye tarehe, blanketi la moto jikoni, gesi iko wapi, waya hazining'inii, maji ni safi, taka zinakwenda wapi. Ukipika chakula kwa wageni, hata kifungua kinywa cha mahamri na chai, anayepika anatakiwa awe na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Kama hupiki, usijaze kwenye fomu kwamba unauza chakula, utajiongezea ada na ukaguzi bure.

Onyo: kibali ni cha eneo moja. Una apatimenti Nyali na nyingine Mtwapa, hizo ni kaunti mbili, Mombasa na Kilifi, kwa hivyo ni vibali viwili.

Onyo la pili, na ndilo linaloumiza wengi: kibali cha kaunti hakikupi ruhusa ya utalii. Ni ruhusa ya kufanya biashara ndani ya kaunti basi. Yule ofisa aliyekuambia huna leseni hakukosea.

## Hatua ya 3: Leseni ya TRA

TRA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, imeundwa na Sheria ya Utalii ya 2011. Ndani ya jedwali la 9 la sheria hiyo kuna orodha ya biashara zinazotakiwa kuwa na leseni, na kundi la kwanza limetaja hoteli pamoja na apatimenti za huduma, nyumba ndogo za ufukweni, nyumba za likizo, villa, gesti na nyumba za familia zinazopokea wageni. Kwa hivyo ile hoja ya "yangu sio hoteli ni nyumba tu" haifiki popote. Imetajwa.

Unaomba kwa mtandao wa TRA. Wanataka zile karatasi za mwanzo: PIN, komplayansi, usajili wa biashara, kibali cha kaunti, uthibitisho wa umiliki au idhini. Alafu kuna ukaguzi. Wanaangalia usalama, usafi, vifaa vya chumba, na kama unaweka kumbukumbu za wageni.

Mahali pa kuwa makini ni kuchagua kundi. Mtu anachagua hoteli sababu ndio neno la kwanza ameliona, alafu anapimwa kwa viwango vya hoteli na kulipishwa kihoteli. Soma maelezo ya kila kundi, chagua linalofanana na unachofanya kweli. Unaishi humo humo na wageni? Hilo ni kundi lake. Apatimenti nzima yenye usafi na mashuka? Ni lingine.

Leseni ni ya mwaka. Weka alamu kwa simu miezi miwili kabla, sababu komplayansi ya KRA ikiwa imekufa wakati huo utaanza kukimbizana.

Umefaulu ukipata leseni yenye jina lako au la biashara na anwani ya nyumba ileile iliyoko kwenye kibali cha kaunti. Angalia majina herufi kwa herufi. Kibali kina "Bahari Homes" na leseni ina jina lako la kitambulisho, hiyo tofauti ndogo itakusumbua kila mahali.

## Hatua ya 4: Mfuko wa Utalii na ile 2%

Hii ofisi ni tofauti na TRA, naomba usichanganye. TRA inatoa leseni. Mfuko wa Utalii unakusanya tozo ya 2% ya mauzo ya malazi, chakula, vinywaji na huduma nyingine unazowapa wageni. Unajisajili, unapata akaunti, kisha unawasilisha kila mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Tozo inahesabiwa kwa mauzo, sio faida. Mwezi umekula hasara sababu ulibadilisha magodoro, 2% iko palepale. Ndio maana lazima uiingize kwenye bei tangu siku ya kwanza, ukingoja uilipe kutoka mfukoni itakuchosha haraka sana.

## Hatua ya 5: Chagua njia yako ya kodi ya mapato

Hapa tukae kidogo, sababu ndio moyo wa mambo.

KRA wana njia tatu ambazo mwenye BnB anakutana nazo.

MRI, yaani kodi ya KRA kwa mapato ya kupangisha nyumba za makazi. Ni 7.5% ya kodi ya nyumba unayopokea, tangu Januari 2024 (zamani ilikuwa 10%). Ni ya mkazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutoka nyumba ya makazi. Huruhusiwi kupunguza gharama yoyote kwanza, unalipa kabla ya tarehe 20, imeisha.

TOT, kodi ya mauzo ya biashara ndogo. Ni 3% ya mauzo kwa biashara ya mkazi yenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Nayo hairuhusu kupunguza gharama, nayo ni kabla ya tarehe 20. Lakini sheria yake imesema wazi haigusi mapato ya kodi ya nyumba.

Njia ya kawaida. Unachukua mauzo, unatoa gharama, faida inaingia kwenye viwango vya mtu binafsi: 10% ya 288,000 za kwanza, 25% ya 100,000 zinazofuata, 30% mpaka milioni 6, kisha 32.5% mpaka milioni 9.6, na 35% juu ya hapo.

Sasa tazama. Ukisema mapato yako ni kodi ya nyumba, TOT imefungwa kwako. Ukisema ni biashara, MRI haikuhusu. Huwezi ukachukua jina la nyumba ya makazi mwezi huu na la biashara mwezi ujao kutegemea ipi ni nafuu, na ndivyo watu wanavyofanya, alafu mfumo unawaonyesha vitu viwili visivyopatana.

Kwa maoni yangu mtu anayelaza wageni usiku kwa usiku, anabadilisha mashuka, anafagia, anaweka sabuni na maji ya kunywa, anapokea bookingi Airbnb na Booking.com, huyo yuko kwenye biashara. MRI ni ya mpangaji anayekaa na kuita hapo nyumbani kwake. Kama unafanya vyote viwili, mfano Desemba na Agosti ni watalii na miezi mingine unamweka mfanyakazi wa shirika kwa mkataba wa miezi sita, basi weka vitabu viwili. Pesa ya mpangaji njia yake, pesa ya watalii njia yake.

Ukiwa na hali ngumu kueleweka, kuna dawa na wengi hawaijui: sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna ueleze biashara yako ilivyo, na akikupa uamuzi wa maandishi unamfunga yeye mwenyewe, mradi ulieleza ukweli wote. Ni bora kuliko ushauri wa dirishani ambao kesho mwenye dirisha amehamishwa.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Apatimenti inaingiza 120,000 kwa mwezi, ni 1,440,000 kwa mwaka. Gharama zenye risiti ni 900,000: usafi, stima, maji, intaneti, kamisheni za mitandao, mlinzi, matengenezo.

- Kwa TOT: 3% ya 1,440,000 ni 43,200.
- Kwa njia ya kawaida: faida 540,000. Kodi ni 28,800 + 25,000 + 45,600 = 99,400. Ukitoa nafuu ya binafsi (punguzo la kodi la mwaka) ya 28,800 inabaki 70,600.
- Njia ya kawaida lakini wewe umeajiriwa na mshahara wako tayari umefika kiwango cha 30%: faida yote inapanda juu ya mshahara, 540,000 mara 30% ni 162,000. Nafuu ya binafsi ilishatumika kwenye payslipu.

Hilo la mwisho ndilo linawashtua walioajiriwa. Lakini pia kinyume chake kipo: mwaka wa kwanza umenunua vitu vingi na faida ni ndogo sana ama hakuna, TOT itakukata tu kwa mauzo, kwa hivyo hapo njia ya kawaida inaweza kuwa nafuu, na sheria inakuruhusu kuomba kwa maandishi kutoka TOT. Piga hesabu zote kabla hujaongeza jukumu lolote iTax, yaani aina ya kodi unayosajiliwa kulipa kwenye PIN yako.

Ukiwa njia ya kawaida na kodi yako ya mwaka inapita 40,000, kuna kulipa kwa awamu: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio kabla ya 30 Aprili mwaka unaofuata, na ritani kabla ya 30 Juni.

Umefaulu hatua hii ukifungua iTax na kuona jukumu moja sahihi la hayo mapato, na usione MRI imekaa hapo imesahauliwa. Jukumu lisilotumika linadai ritani kila mwezi.

### Wenzetu mlioko Ughaibuni

Kuna wengi wako Doha, Muscat, London, Minneapolis na nyumba iko Bamburi chini ya dada au ajenti. Swali la kwanza kwenu ni, wewe ni mkazi kwa kodi? Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukaja hata kwa muda mfupi ndani ya mwaka, mwaka huo wewe ni mkazi. Kama huna makao ya kudumu, inaangaliwa kama umekaa siku 183 au zaidi mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia.

Asiye mkazi haruhusiwi MRI wala TOT. Na kodi ya nyumba anayolipwa asiye mkazi inatakiwa ikatwe 30% na yule anayemlipa. Kwa hivyo yule ajenti anayekutumia pesa yote kamili kila mwezi anaweza kuwa anajitia matatani yeye na wewe. Kaeni mmalize hili kabla hamjazungumza kamisheni.

## Hatua ya 6: VAT, pale watu wanapoanguka

Kupangisha nyumba ya makazi hakuna VAT. Lakini sheria ya VAT ilipoeleza nyumba ya makazi ni ipi ikatoa nje hoteli na malazi ya likizo. Maana yake BnB yako inatozwa 16%.

Unalazimika kujisajili mauzo yakifika milioni 5 ndani ya miezi 12, na una siku 30 za kujisajili. Jumlisha biashara zako zote zinazotozwa VAT zilizo kwenye PIN ileile, sio BnB peke yake. Mtu ana duka la vifaa linaingiza milioni 3.8 na BnB inaingiza milioni 1.4, huyo ameshavuka na hajui.

Na hesabu ni ya mauzo kamili aliyolipa mgeni, sio kilichoingia benki baada ya Airbnb kukata kamisheni yao. Kamisheni ni gharama yako. Mgeni akilipa 10,000 na ukapokea 8,500, mauzo ni 10,000. Hili limewakosesha watu hesabu miaka na miaka.

Ukishasajiliwa, bei panga hivi: ukitaka mgeni aone 11,800 kwa usiku, gawanya kwa 1.18. Unapata 10,000 yako, 1,600 ni VAT na 200 ni tozo ya utalii. Ukiweka bei 10,000 ukidhani ni yako yote, utakuwa unajikata mwenyewe.

Uzuri wake ni kwamba VAT uliyolipa kwenye stima, intaneti, fanicha na matengenezo unaidai, ndani ya miezi 6, kama una invoisi ya eTIMS (mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki) yenye PIN yako. Ritani ya VAT ni kabla ya tarehe 20. Kuchelewa ni 10,000 au 5% ya kodi, ile kubwa, hata kama mwezi ulikuwa mtupu. Kwa hivyo mwezi wa Mei hakuna mgeni, bado unatuma ritani ya sifuri.

## Hatua ya 7: eTIMS na kile kinachokatwa na mitandao

Kila mauzo yatolewe invoisi ya eTIMS, uwe una VAT au huna. Kwa mdogo asiye na VAT kuna njia nyepesi kupitia eCitizen au kwa kupiga *222# kwenye simu. Upande wa pili ni muhimu vilevile: tangu Januari 2024, gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haitolewi kwenye hesabu ya faida. Fundi wa AC anayekupa kikaratasi cha daftari, hiyo gharama imekufa. Ongea naye kabla ya kazi.

Tena, tangu 27 Desemba 2024 sheria inamtaka mwenye soko la mtandaoni anayelipa mkazi akate 5% kabla hajalipa. Asiye mkazi ni 20%. Ukiona kwenye taarifa yako ya malipo imekatwa, ingia iTax utafute cheti chake, ndio utakachotumia kupunguza kodi ya mwaka. Bila cheti hiyo pesa haikuhesabiwi.

Linganisha kila mwezi vitu vitatu: ripoti ya bookingi, benki au M-Pesa, na jumla ya invoisi za eTIMS. Vikikubaliana, umefaulu. Vikipishana tafuta sababu mwezi huohuo ukiwa bado unakumbuka. Makaratasi yote yatunze miaka 5.

## Hatua ya 8: Rejista ya wageni na ulinzi wa data

Sheria ya uhamiaji inamtaka anayelaza wageni aweke rejista. Jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, uraia, tarehe ya kuingia na kutoka. Andika kila mtu anayelala, sio aliyefanya bookingi peke yake. Baada ya mauaji ya wanawake kwenye nyumba za muda mfupi Nairobi Januari 2024 hili sio jambo la kufanyia uzembe. Dada wa mtu amelala kwako, lazima ijulikane aliingia na nani.

Lakini ukishika vitambulisho vya watu umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Biashara ndogo kwa kawaida zimesamehewa kujisajili na ofisi ya Kamishna wa Data, ila biashara za ukarimu zimetajwa kwenye orodha isiyosamehewa, pamoja na wanaotumia kamera za ulinzi. Kwa biashara ndogo ada ni 4,000 na cheti kinakaa miaka 2.

Picha za pasipoti zisikae kwenye grupu la WhatsApp la wasafishaji. Zitunze mahali pamoja penye pasiwadi. Kamera ziwe nje na kwenye korido na umwambie mgeni zipo. Ndani ya nyumba anayolala mtu usiweke hata moja, hata sebuleni.

## Hatua ya 9: Unayemwajiri

Kama una msafishaji au keyateka wa kudumu, wewe ni mwajiri. Kuna PAYE (kodi ya mshahara) kama mshahara umefika, NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya 2.75%, na tozo ya nyumba 1.5% kwake na 1.5% kwako. Vyote kabla ya tarehe 9. Huyu mama anayekupokelea wageni saa tisa usiku anastahili bima yake iwe hai siku mtoto akiugua, kwa hivyo hii usiiweke mwisho wa foleni.

## Ratiba ya mwezi, bandika ukutani

- Tarehe 9: makato ya wafanyakazi.
- Tarehe 10: tozo ya Mfuko wa Utalii.
- Tarehe 20: VAT kama umesajiliwa, TOT au MRI kutegemea njia yako.
- Mwisho wa mwezi: linganisha bookingi, benki na eTIMS.

Usingoje tarehe yenyewe. Mfumo huelemewa siku za mwisho, na kusema mtandao ulikuwa chini hakuondoi faini. Kodi iliyochelewa inaongezwa 5%, na riba 1% kila mwezi.

## Ukiamua kuacha

Kuna wanaofunga kimya kimya, wanafuta tangazo Airbnb wanarudisha ufunguo. Miaka miwili baadaye anaomba komplayansi ya kazi na anakuta faini za ritani za VAT ambazo hakutuma.

Ukifunga, omba KRA kufuta majukumu ya VAT na TOT kwenye PIN, na endelea kutuma ritani za sifuri mpaka uone yameondolewa. Waandikie Mfuko wa Utalii na TRA kwamba umesimamisha. Ijulishe kaunti kabla ya mwaka mpya wa kibali kuanza. Kisha toa cheti kimoja cha mwisho cha komplayansi, ukihifadhi pamoja na barua zote nne za kufunga.